Iwake Upesi, Mwalimu Anasubiri

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya duka inawaka kama mzee aliyeamshwa usingizini. Inakohoa, inatafuta viatu, inasahau ilichoitiwa. Muda wote huo Mwalimu wa chekechea yuko kwenye benchi, mkoba mapajani, anangoja nimchapie picha za watoto kupaka rangi. Huja kila asubuhi nikifungua tu, kabla ya kwenda shule. Leo bata. Akanisimulia kuhusu mtoto aliyelia kwa sababu kivuli chake kimemfuata mpaka chooni. Nilicheka hata sikuona kompyuta imeshawaka. Akaondoka na bata wake, duka likapoa.

Nampenda. Basi, nimeandika.

Lakini mwanamke wa maana atampendaje mtu anayemweka benchini kila siku kama mgonjwa? Lazima mashine iwake upesi. Hapo ataona mimi ni mtu wa kazi, na hapo ndipo nitamwambia. Dada, mwenye duka, kaniuliza kwa nini nisifungue mapema zaidi. Kuamka mapema si ufundi.

Jumanne, 4 Machi
Nimewapata wachawi! Huu mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta ulipowekwa ulikuja na programu chungu nzima ambazo hatukuziomba, na nyingine huamka pamoja na kompyuta. Kuna ya modemu, na modemu hatuna. Kuna ya kutambua alama za vidole, na vidole vyangu vimejaa wino. Umealika mgeni mmoja, kaja na ukoo wake wote. Nimefyeka.

Mwalimu alikuja kuchukua tembo. Aliniuliza jambo, kitu kuhusu Jumamosi. Nikamwinulia kidole asubiri, maana nilikuwa napima muda kwa simu. Umepungua nusu! Nilipogeuka akasema si kitu.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi niliona programu nyingine inakula muda, jina lake halisemi lolote. Nikaiondoa. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nao.

Mwalimu hajakaa vizuri, mashine macho! Nikasimama kama bwana harusi. Kisha printa ikapotea. Kumbe ile programu ndiyo iliyokuwa ikiiendesha. Simba alionekana vizuri sana kwenye skrini, lakini watoto hawawezi kupaka rangi skrini. Mwalimu akasema haina shida, atangoja, hana haraka. Akaegemea ukuta, mkoba kauweka chini. Ni uungwana tu huo, nisingeweza kumtesa. Nikamsindikiza mwenyewe kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Fotokopi kwa kuwa huiga kila tufanyalo. Akampa kiti. Kina mto!

Dada akasema mdharau mwiba mguu huota tende. Nikamjibu kwamba mwiba ni Fotokopi.

Ijumaa, 7 Machi
Jana Dada alinisimamia kutwa mpaka printa ikarudi. Yale mengine sikuyarudisha, ng'o.

Leo Mwalimu kaingia, kompyuta macho, printa macho, samaki wakatoka na joto lao. Sikupata hata muda wa kumwambia karibu. Akauliza kama kuna mteja mwingine ananisubiri. Nikasema hapana, haraka yote hii ni kwa ajili yake. Akashukuru. Akalitazama benchi, akasema basi atakuwa anafika shule mapema.

Nilikuwa nimepanga kumwambia leo. Maneno nimeyakariri mbele ya kioo cha kunyolea tangu juzi. Nilipofika kwenye "Mwalimu, mimi", alikuwa ameshavuka barabara.

Jumatatu, 10 Machi
Kaja mlinzi wa shule na flashi. Eti Mwalimu kasema kwa kuwa siku hizi hapa ni fasta, hana sababu ya kuja mwenyewe. Twiga. Nikachapa. Mlinzi hakukaa, wala hakusimulia lolote.

Nimemkumbuka mpaka mikono imekosa kazi. Nikaenda kukaa mahali pake, pale benchini. Ukikaa pale huoni skrini hata kidogo, unaona uso wangu tu. Maskini, kumbe ndivyo alivyokuwa akiteseka.

Dada kasema zamani mashine ikiwa nzito, kicheko cha Mwalimu alikuwa akikisikia mpaka stoo. Akaanza haraka haraka haina nini sijui. Nikamkatisha. Dada ni mfanyabiashara mzuri, ila kompyuta hazijui.

Sababu ya Mwalimu kutokuja naijua mimi. Nimepima tena: kuna ile picha ya mwanzo, inajionyesha bure kabla mfumo haujafunguka. Kesho naiondoa. Na benchi nalitoa nje, linabana mlango. Mashine ikiwaka papo hapo, habari zitamfikia, na atakuja mwenyewe.