Askari Wangu wa Damu na Pembe ya Msaragambo

Myamba, Same.

Kwa Daktari Irine, mtafiti wa saratani huko ng'ambo, ambaye pia ni mpwa wangu,

Marahaba, maana najua kabla hujafungua bahasha umeshaniamkia.

YAH: KUOMBA JINA LANGU LIFUTWE KWENYE UTAFITI, KWA SABABU YA TABIA ZA ASKARI WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ulinieleza kwa simu kwamba uvimbe wa ini langu, ulioshinda dawa zote, huenda ukakabiliwa na seli zangu mwenyewe za kinga zikishafundishwa. Nimetafakari, nimesali, nimekula, nikatafakari tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema nina askari ndani ya damu tangu kuzaliwa, ila uvimbe umewapita kwa kujifanya mwenyeji. Irine, hapa Myamba mgeni hamalizi siku hajaulizwa ukoo wake. Ni askari gani hawa wasiouliza? Kisha nikakumbuka ni wa nani. Mwaka jana nilimpokea mgeni, nikamchinjia jogoo, nikamlaza kitandani kwangu na kumwita binamu, hadi aliponiuliza kama hapa ndipo kwenye harusi ya akina Anderson. Askari hawa hawakuokotwa, ni damu yangu kweli.

2. Unataka kuwatoa, kuwafundisha maabara sura ya adui, kuwazidisha wawe mamilioni, kisha unirudishie. Mimi niliishia darasa la saba, sasa seli zangu zinakwenda kusoma ng'ambo. Wasomi wetu tunawajua. Huja Krismasi, hulalamikia choo, na kabla ya Mwaka Mpya wameshateremka Same kutafuta basi. (Sikusemi wewe, ila choo tumekitengeneza.) Nani ataniahidi kwamba hao wangu wakishaelimika watakubali kuishi katika mwili huu wa zamani?

3. Hapa nakushukuru kwa kusema kweli. Ulisema kwenye saratani ya damu askari wa namna hii wamefanya makubwa, lakini uvimbe kama wangu umejizungushia ukuta. Wakifika mlangoni huchoka, na pengine huwapiga wasio na hatia, ndiyo maana bado mnajaribu. Sasa, mimi ndiye mpiga pembe wa msaragambo. Nikipuliza, kila kaya inatoka na jembe kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Najua watu huchoka kwa nini: makande yamechelewa. Je, hao mnawapelekea nini? Na wanamtazama nani, kama si mimi, hodari wa kupuliza, ambaye jembe langu lina kutu ya heshima? Naogopa, Irine. Hilo nimeliandika kwa herufi ndogo ili mke wangu Hedwiga asilisome.

4. Hili limeniudhi kuliko yote. Kwetu hakuna anayezibua mfereji peke yake, kwa hiyo leo alfajiri nilipuliza pembe nikaita msaragambo wa damu. Walikuja wote, mikono ya mashati imekunjwa, majembe mabegani kwa mazoea. Rogathe, mpishi wetu wa msaragambo, alileta sufuria la makande. Jirani yangu Zefania, ambaye hata mafua hayajui, alitangulia mbele na mkono ameunyoosha. Ndipo Hedwiga aliponikumbusha ulichosema kwenye simu: utafiti wenu unatumia askari wa mgonjwa mwenyewe tu. Kumbe ulishasema, ila wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga majirani kichwani. Ikabidi niwatangazie. Zefania alitaka kujua damu yake ina kasoro gani. Nikaingia ndani kukuandikia, maana sayansi inayokataa majirani inanitia mashaka.

Kwa sababu hizo naomba nafasi yangu apewe mgonjwa mwenye askari makini. Mimi na uvimbe wangu tumeshazoeana, tutaonana na Mungu pamoja.

Msalimie mumeo Fredrick, watoto, na wote wa maabara, hata waosha chupa. Hedwiga anakusalimu sana, ingawa hajui ninachokuandikia.

Wako kwa ukoo na kwa malalamiko,
Mjomba Melkizedeki

Nyongeza: Nimetoka kutafuta gundi ya bahasha nikakuta uwanja mtupu. Nilisahau kwamba pembe ikishalia, watu wa hapa hawarudi nyumbani bila kufanya kazi. Wako barabarani. Wamezoa kifusi kilichoporomoka masika, na gari la jirani yetu Method, ambalo lilikuwa likiishia kanisani, limesimama mlangoni kwangu kunishusha Same, nianze safari ya kuja kwako. Hedwiga alishafunga begi zamani. Kanuni yetu inasema anayekimbia msaragambo hutoa mbuzi, na kanuni hiyo niliitunga mimi. Isitoshe, walipofika na gari nimelia mbele ya watu wote, hivyo hakuna tena heshima ya kulinda. Usilifute jina. Barua hii nakuletea mwenyewe. Pembe nimeiviringisha ndani ya shati la Jumapili, na askari wakichoka pale mlangoni, uniruhusu niipulize.