Kipimo cha Kuku Arobaini na Wanane

Alhamisi, 9 Oktoba

Niko na wiki moja tu. Mutheu amesema Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, nitaketi kwenye benchi la chumba namba saba pale kituo cha afya. Nisipokwenda, yeye anahamia Kivaa kwa binti yetu Ndanu, mwalimu. Hakupaza sauti. Alisema huku anachambua maharagwe, na hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akifoka hana neno. Akisema polepole, ujue ameshapanga nguo.

Kosa langu ni kula. Mkataba wangu uliisha Januari huko EPZ, kwenye kiwanda cha nguo Athi River, ambako nilikagua zipu za suruali miaka kumi na tisa. Tangu hapo naamka na hofu kifuani. Haina jina. Hakuna mwizi, hakuna nyoka, naogopa tu. Ikifika saa nne lazima niweke kitu juu yake: ugali wa jana, viazi vitamu, sufuria ya isyo ya watu watatu, mahindi na maharagwe yote. Nikimaliza, hofu bado iko, ila sasa imeshiba.

Na benchi la namba saba Mwala nzima inalijua. Ni la wenye mawazo. Ukae pale dakika mbili tu, kufikia jioni wenye mikokoteni ya punda wanakupisha njiani. Siendi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ndanu amenipigia simu. Amesoma kwamba mwili ukikosa vitamini, mtu anaweza kuingiwa na huzuni, na huzuni ikamtia ulafi. Akataja vitamini B, vitamini D, omena, mbegu za malenge, mboga za kienyeji, jua la asubuhi. Akaanza kusema kwamba hata hivyo niende kliniki, lakini hapo mtandao ukakatika. Niliukata mimi.

Basi mpango ni huu. Nijiponye kimyakimya kwa siku sita. Alhamisi niamke nimekonda, nacheka, na Mutheu aniombe msamaha mbele ya watu.

Nimeanza na jua. Saa mbili nilikuwa uani bila shati. Masila akachungulia juu ya ua. Huyu ni jirani yangu, miaka sabini na mmoja, tumbo limeshikana na mgongo, kila siku anaimba. Mutheu humtaja kila nikiongeza sahani. Aliuliza kama nimeibiwa nguo. Nikamweleza habari ya vitamini D. Akasema hata mbuzi wake huota jua, ila wao hawatoi hotuba. Mzee huyu simpendi. Ana mbuzi kumi na mmoja na hakuna hata mmoja mwenye mawazo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Duka la dawa walinitajia bei ya vidonge, nikajifanya nimepigiwa simu. Nikavuka barabara hadi agroveti ya Nderitu, kupumzika tu. Nderitu ni mtu wa Nyeri, yuko hapa sokoni miaka mingi, anauza mbegu na dawa za mifugo. Na pale kwenye rafu, pakiti kubwa. VITAMINI, kwa herufi ninazoziona hata bila miwani. (Miwani niliikalia Agosti.) A, B zote, D, E. Ilikuwa na picha ya kuku. Nikafikiri, vitamini ni vitamini, mwili hauangalii picha.

Nderitu akauliza niko na kuku wangapi, kwa sababu kipimo ni kijiko kimoja kwa kuku kumi na wawili. Nikapiga hesabu haraka. Mimi ni kilo tisini na sita. Kuku wa kienyeji mzuri ni kilo mbili. Nikamjibu kwamba niko na kuku arobaini na wanane. Alitoka nyuma ya kaunta akanishika mkono. Nyumbani tuna watatu, na mmoja ni kipofu.

Nimeng'oa karatasi yenye kuku, nisije nikachekwa. Imebaki jina la duka, namba ya simu na maandishi mekundu ya kuweka mbali na watoto. Pakiti nimeificha sebuleni nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nani atatafuta kitu pale? Vijiko vinne kwenye uji. Ina ladha ya chaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Njaa ya leo sijawahi kuiona. Kanisani tumbo lilinguruma mpaka padre akasimama katikati ya mahubiri akatazama dirishani, akidhani ni mvua. Watu walifurahi bure, maana tumeingoja tangu Mei. Nyumbani nikala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wangu, wa Mutheu, na uliobaki wa kesho. Halafu nikajikuta nimesimama nyuma ya nyumba natazama mahindi ya kuku.

Nadhani ni ulafi unaaga. Kitu kikitoka mwilini lazima kipige kelele kidogo. Mutheu alinitazama nikila, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni kitunguu. Hatukuwa tumepika kitunguu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ngoja niandike kabla sijazimia. Mkojo wangu asubuhi ya leo ni rangi ya kiini cha yai. Si mfano. Nilikaa chini hapohapo chooni. Pia niliamka kabla ya jogoo wa Masila, tena nikiwa macho kabisa. Nimeangalia kucha zangu. Nadhani zimerefuka.

Nimwambie nani? Nikimwambia Mutheu atauliza nimekula nini. Nikimwambia daktari, ni chumba namba saba moja kwa moja.

Na balaa haiji peke yake. Nimekutana na Nderitu njiani. Anasema mkewe Wacuka ana hoteli, wanataka mayai yangu, trei mbili kila wiki. Keshokutwa atakuja kuona kuku. Nikasema karibu sana. Sijui kwa nini nilisema karibu sana. Nikaenda nyumbani nikala mkate mzima.

Jumanne, 14 Oktoba



Leo ilikuwa zamu yetu kusaliwa na jumuiya ya kanisa. Nilikuwa nimesahau. Wakaja wanawake tisa, na Masila na kitabu chake cha nyimbo. Mutheu akapanda kiti kuteremsha Moyo Mtakatifu, auweke mezani pamoja na mshumaa. Pakiti ikaanguka miguuni pake. Imechanwa, jina la agroveti, maandishi mekundu, unga umebaki nusu. Na mwenye kuificha ni mwanamume aliyekosa kazi, asiyeongea. Huku kwetu hayo mtu hahitaji kusomewa mara mbili. Mutheu hakupiga nduru. Alisema Ngai wakwa, Mungu wangu, polepole, akaketi sakafuni.

Nilitaka kueleza. Nilikuwa na chapati mdomoni. Masila akanishika kichwa, na kumbe ule wembamba wote ni chuma, wakaanza kunimiminia maziwa. Yalikuwa ya chai ya jumuiya. Kila nikifungua mdomo kusema vitamini, kikombe kingine kinaingia. Akaitwa Kisilu na boda boda yake. Nikapakiwa katikati, Masila nyuma amenikumbatia kama gunia, mama mmoja akaanza wimbo wa mazishi, wenzake wakamnyamazisha, wakatufuata mbio pamoja na Mutheu.

Muuguzi wa zamu, Waithira, akauliza nimekunywa kiasi gani. Nikasema kweli yote: kipimo cha kuku arobaini na wanane. Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaropoka. Halafu akaona namba kwenye pakiti akampigia Nderitu, na simu yake haisikiki mpaka iwekwe sauti kubwa. Nderitu akaeleza kwa furaha. Si sumu. Ni vitamini ya kuku wa mayai, kazi yake ni kuwaongezea hamu ya kula. Akauliza kama mzee Bartholomew yuko karibu, maana hoteli inangoja trei zake.

Watu wote kwenye korido walicheka. Mutheu hakucheka.

Jumatano, 15 Oktoba

Niko nyumbani. Mkojo ni ule ule. Waithira alisema ni vitamini B inayozidi, inatoka tu, wala siwi kuku. Alinipima damu. Alisema Ndanu hakukosea. Kunde, omena, mboga na jua ni vitu vizuri na niendelee navyo, na damu ikionyesha upungufu nitapewa vitamini za watu. Lakini hofu ya miezi tisa haitoki kwa uji peke yake, ni ugonjwa kama malaria, una watu wake na matibabu yake. Akawaambia pia jumuiya kwamba siku nyingine waache maziwa, walete mtu mbio.

Nderitu alikuja, akawaona kuku wote watatu. Yule kipofu alimgonga mguu. Akaondoka bila kuaga.

Jioni Mutheu alikuja akaketi karibu nami. Alisema tangu Januari hajawahi kwenda sokoni bila kugeuka pale njia panda, kuangalia kama bado nimesimama mlangoni. Alisema kila akisikia mlango umefungwa kwa ndani anahesabu mpaka ufunguliwe. Nilidhani anahesabu chapati. Miezi tisa naogopa kitu kisicho na jina, na mke wangu ananihofia mimi, tena kwa jina.

Nililia. Sikula chochote baada ya hapo, mpaka saa mbili. Ameniapisha mbele ya Moyo Mtakatifu: nisifiche tena kitu chochote kutoka dukani kwa Nderitu. Nimeapa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilikwenda. Saa tatu kamili. Nikakaa mwisho wa benchi, nimejifunika kofia. Mtu akanisogelea, akanisalimu kwa jina. Masila.

Nikadhani amekuja kunicheka. Kumbe huja hapa kila Alhamisi, mwaka wa pili sasa, tangu mama Kasyoka, mkewe, alipofariki. Alisema mimi huzuni inanilisha, yeye inamfungia sufuria. Ule wembamba ninaouonea wivu ni chakula kisichopita kooni. Anaimba asubuhi ili nyumba isiwe kimya. Alisema kuja hapa na kuongea ndiko kumemsaidia, na sasa anamaliza sahani ya kunde.

Kule ndani nilisema neno hofu kwa sauti, mara ya kwanza. Waithira, kumbe ndiye wa chumba hicho, hakuruka dirishani. Nitarudi wiki ijayo, na Mutheu amesema mizigo ya Kivaa imefunguliwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeamka na hofu, lakini ndogo.

Nimefikiri sana maneno ya Masila. Kuongea, sawa. Lakini mtu hawezi kusimama tena kwa kuongea tu. Leo nilipokwenda kumsalimu niliwatazama mbuzi wake kwa makini. Kumi na mmoja, wamelala kivulini, macho nusu, hawana neno na dunia. Na katikati yao limening'inizwa jiwe la kulamba, lile la chumvi na madini, rangi ya matofali. Kila mmoja analamba zamu yake anarudi kulala. Mzee hakunitajia hilo.

Nimevunja kipande kidogo tu. Kiapo changu kilitaja duka la Nderitu, na hili nimelitoa kwa Masila, kwa hiyo dhamiri yangu ni safi. Nimelificha ndani ya kitabu cha nyimbo cha Mutheu, nilichokata kurasa za katikati, za Krismasi, ambazo hazitahitajika mpaka Desemba.

Ni la chumvi kidogo. Nimelilamba mara tano na nahisi tofauti tayari. Nina kiu.