Lomeri Ameuzwa Kakuma

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Lodwar nzima, na maiki niliishika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa wasionijua, naitwa Akiru. Nachaji simu za watu hapa Lodwar, na pamoja na rafiki yangu Deng, aliye kule Kakuma kambini, tunaendesha tovuti ya mashabiki wa mpira wa Turkana. Kila mchezaji ana ukurasa wake: kwao ni wapi, wazazi ni nani, anacheza namba gani, amefunga mabao mangapi. Hatulipwi na mtu. Ni mapenzi tu.

Kazi yangu ni kufuta uvumi. Mtu akiandika "nasikia golikipa wa Kaikor anahama," namuuliza, "Chanzo?" Asipojibu, nafuta. Wamenibandika jina Mama Chanzo. (Mtoto sina hata mmoja.) Sheria niliitunga mwenyewe: hakuna kuandika mpaka mwenyewe aseme kwa mdomo wake, au mzazi wake.

Wiki hii uvumi ulikuwa mmoja. Lomeri ameuzwa Kakuma. Lomeri ndiye mshambuliaji wetu, yule mrefu, na leo ndiyo ilikuwa fainali kati yetu na haohao Kakuma. Watu wanaandika, nafuta. Wanaandika tena, nafuta. Deng naye akaandika, nikamfuta. Akanipigia.

"Dada, hata mimi?"

"Hata wewe. Chanzo?"

"Watu wa lori. Wametoka Lodwar jana, wanasema Lomeri ameuzwa huku."

"Watu wa lori si chanzo."

Asubuhi nikaamua kumaliza maneno. Baba yake Lomeri ni mzee wa mifugo, hakosi sokoni. Nikafunga duka, nikachukua boda. Nikamkuta ameketi kwenye ekicholong yake, kile kigoda cha wazee, anatafuna tumbaku.

"Ejok, baba."

"Ejok."

"Baba, nina swali moja tu. Ni kweli Lomeri ameuzwa Kakuma?"

Mzee akaacha kutafuna. Akatema mate pembeni. "Ni kweli. Mimi mwenyewe nimeuza yeye mwanzo wa wiki."

Nikatoa simu. "Kwa nini, baba?"

"Kiangazi inakuja. Yeye anakula sana, na kazi hakuna."

Hapo nikaona mzee ana hoja. (Lomeri hajafunga bao siku nyingi.)

"Na watu wa Kakuma walimpima?"

"Walipima kabisa. Walishika miguu. Waliangalia mpaka meno."

Nikaandika kwenye simu: amepita vipimo vya afya. Meno yalinishangaza kidogo, lakini nikasema labda mpira umeendelea, mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Mzee akaendelea, sauti ya chini. "Mama yake alikufa siku ile anazaliwa. Mimi nililea yeye na maziwa ya mbuzi. Nikienda mtoni, nyuma yangu. Nikirudi, nyuma yangu." Akajipangusa jicho. Na mimi, mwanamke mzima, nikalia. Tulilia pale sokoni wawili, kila mtu na Lomeri wake.

Sasa, kwenye ukurasa wa Lomeri tulikuwa tumeandika kwamba mama yake anauza samaki kule Longech. Nikaona aibu iliyoje, tumemwandika marehemu kama mtu aliye hai. Nikamfuta mama. Kisha nikaweka kwa herufi kubwa: IMETHIBITISHWA, LOMERI AMEUZWA KAKUMA. Chanzo: baba mzazi.

Deng akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, "Baba mtu ameniambia akilia. Unataka nini tena?" Kambini wakaanza kuimba. Huku kwetu wakaanza kumtukana Lomeri, nami nikasema ukweli unauma, wauzoee.

Alasiri nikaenda uwanjani kichwa juu. Nilipofika, Lomeri alikuwa amekaa chini kando ya benchi, amevaa akala, vile viatu vya tairi, hana jezi. Kocha amesimama mbele yake.

"Siwezi kuchezesha mtu wa Kakuma dhidi ya Kakuma," kocha alisema.

"Kocha, mimi sijauzwa."

"Imeandikwa."

"Lakini Lomeri ni mimi!"

"Na Mama Chanzo haandiki uvumi."

Nitasema ukweli, hapo nilijisikia vizuri kidogo. Tovuti yetu inaaminika kuliko mtu mwenyewe. Nikasogea nimwambie Lomeri pole. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja akanishika bega. Ana ndoo ya samaki wa kukaanga.

"Wewe ndiye Akiru?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mama yake Lomeri. Nimetoka Longech kumwona mtoto wangu akicheza fainali. Nani amenifuta?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza yote: mzee, meno, maziwa ya mbuzi, mama aliyekufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ndoo chini, akashika kiuno, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Huyo ni dume, mwanangu. Mume wangu ameuza ng'ombe."

Jamani. Mimi, mtoto wa Lorugum, niliyezaliwa kwenye boma. Najua vizuri kwamba kwetu kijana huwa na dume lake, na jina la dume ndilo jina la kijana. Marehemu niliyemlilia sokoni ni ng'ombe, mama yake dume. Baba yangu mpaka leo anaitwa kwa jina la dume. Ila nikisikia "ameuzwa," akili yangu inakimbilia mpira. Ng'ombe naye ameuzwa, mtu naye ameuzwa. Kiswahili hakikunisaidia.

Kocha alikataa kumrudisha Lomeri kimyakimya. "Mashabiki wetu watampiga mawe. Useme mwenyewe, wasikie wote." Akamtuma Lomeri akavae, mimi akanipa maiki.

Nikasema. "Mashabiki, naomba radhi. Aliyeuzwa Kakuma si mchezaji. Ni ng'ombe dume."

Kicheko kilichotoka pale, nadhani Kakuma walikisikia. Mtu akapaza sauti, "Chanzo?" Wakacheka upya. Nilisimama tu, ningefanya nini? Mradi kijana acheze.

Ndipo Lomeri akatokea mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dume gani?"

Nikamtazama mama yake, mama akatazama ndoo yake. Baba hakuwa amemwambia. Siri ya nyumba ya watu nimeitoa mimi, kwa spika.

Lomeri akakaa chini. "Lomeri wangu?" Akavua kile kiatu. Akasema hachezi na mtu yeyote, Kakuma wala nani, dume lake litachinjwa. Kocha akanitazama kwa jicho ambalo siwezi kulieleza hapa.

Nikampigia Deng. Alicheka mwanzoni, alicheka sana. Nilipomwambia ni dume la jina la kijana, kicheko kikakatika. "Dada, hata sisi Wadinka tuna dume la jina. La kwangu lilibaki nyumbani Sudan Kusini. Subiri." Akakata.

Mwamuzi akaanza kuangalia saa. Simu ikalia, nikaiweka kwenye maiki.

"Yuko hai," Deng alisema, anahema. "Mfanyabiashara aliyemnunua ni mtu wetu, naye ana jina la dume. Ameapa hatamchinja. Anataka mbuzi tu, abadilishane."

"Nina mbuzi," Lomeri alisema. Kisha akanigeukia, macho mekundu. "Lakini nitajuaje ni yeye? Wewe nawe ulithibitisha."

Haki yake. Nikamwambia Deng, "Mpe mwenyewe aseme."

Tukasikia Deng anamwita dume kwa jina. Hakuitika. Lomeri akainama kwenye simu, akaanza kuimba taratibu wimbo wake wa dume, ule wa malishoni. Na kule Kakuma mnyama akajibu. Alilia kwa sauti ndefu, nzito, ikatoka kwenye spika zote za uwanja. Lomeri akavaa viatu. Watu waliokuwa wakinicheka wakawa wanajifuta macho na kusingizia vumbi. Mimi sikusingizia kitu.

Amefunga mabao mawili. Tumeshinda. Kesho anapeleka mbuzi Kakuma, na Deng atampokea.

Basi anayetaka kucheka acheke usiku huu amalize. Kesho nikipita mjini, nisalimieni kama watu. Nisisikie mtu akilia kama ng'ombe.