Paka Mtulivu wa Mama

Jumamosi, 5 Julai
Mama amekataa ugali tena. Tangu tumzike baba nimemleta hapa Bariadi, lakini anashinda uani akiangalia barabara. Nikimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, anaitikia kwa kuuliza kama kuna gari la kijijini kwetu, Mwamapalala. Anataka kurudi. Peke yake, kwenye nyumba ile! Naogopa atajifia huko bila mtu wa kumpa maji. Nimepata dawa: paka. Mwenye kiumbe wa kulisha haondoki ovyo. Sijamwambia.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya ibada, kwa jirani Justina. Paka wake kazaa. Akaanza kunifundisha: macho makavu, pua isiyo na kamasi, masikio masafi, tumbo lisivimbe, awe anayecheza. Akanisifia jike jeusi linalopanda pazia. Mimi, dalali wa ng'ombe mnadani, nifundishwe kuchagua paka! Mnyama mzuri hutulia akishikwa. Tumbo likijaa, kashiba. Pembeni alijikunja wa kijivu, mpole, tumbo kama kibuyu. Justina akasema huyo hapana, anaumwa. Nikajua ananibania. Nikambeba. Yule mweusi kachukuliwa na dalali mwenzangu Bundala, asiye hata na mama wa kumpelekea.

Jumatatu, 7 Julai
Ushindi! Mama kampakata, kanywa uji wote. Paka hakushuka mapajani siku nzima. Mama hakuuliza habari za gari. Bundala kapita na mikwaruzo mikononi, analalamika paka wake hashikiki. Nimemcheka bila huruma.

Jumatano, 9 Julai
Paka hali. Ana tongo, anaharisha. Nikamkorogea mashudu ya pamba, maana ng'ombe aliyelala huamshwa na mashudu. Hakuamka. Mama anamfuta pua kwa upindo wa kanga. Kasema ameshauguza mmoja mwaka huu, hana nguvu ya mwingine. Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikalia.

Ijumaa, 11 Julai
Paka kafa usiku, tumemzika asubuhi. Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kwa nini nimemletea kiumbe anayekufa. Mchana kapanda gari la Mwamapalala. Niling'ang'ania mkoba wake mpaka kondakta akaninyang'anya.

Jumapili, 13 Julai
Nimesonga ugali wa watu wawili kwa mazoea. Nimekula kidogo, nimeacha. Namkumbuka mama mpaka kifua kinauma.
Lakini sijakata tamaa. Huko sokoni kuna mwanamke anagawa paka. Wengi wao wahuni, wanarukaruka. Mama na magoti yake atawakimbiza wapi? Mmoja alikuwa kalala chini ya kapu, tumbo limejaa, macho kayafumba. Nimemnyanyua, hata hakulia. Mwenye paka akanikataza. Wote ni wale wale, wanaficha wazuri. Nimemchukua.
Kesho nampeleka Mwamapalala. Mama hatakuwa peke yake tena.