Bahari ya Makayabu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mteja mmoja tu. Picha ya pasipoti, na akafumba macho. Siku hizi kila mtu Kisangani anajipiga mwenyewe kwa simu. Waliobaki wanaenda kwa Émile, ng'ambo ya barabara, ambaye studio yake ina maporomoko ya maji ya plastiki yanayowaka taa. Kadidja, mke wangu, amesema mwaka ukiisha hivi, cherehani yake inahamia humu. Studio ya marehemu baba! Lakini nina mpango. Samaki wa mto wanaletwa hapa kila siku kutoka Isangi na Yanonge, nani awashangae? Mimi nitaweka wa bahari, hai, ndani ya tangi la kioo, mbele ya pazia langu la mawimbi. Mwalimu Priscille, anayeolewa tarehe 8 Novemba, ameshakubali kupigwa picha na samaki huyo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Tangi limejaa. Chumvi na mawe vimetoka kwa Nuru, muuza samaki wa Dar es Salaam. Ameniandikia kwamba samaki haingii bado. Kwanza kitu kioze majini, kitoe amonia, ndipo vijidudu viote kwenye mawe. Hivyo ndivyo vitakavyokula sumu ya uchafu wa samaki. Nitumbukize kamba mbichi wa baharini, nipime maji kwa vikaratasi, ningoje wiki sita. Na mawe nisiyaoshe kamwe. Harusi ni baada ya wiki nne. Hilo sikumwambia.

Kamba wa baharini nitampata wapi? Soko zima, kitu pekee kilichowahi kuona bahari ni makayabu, yale mapande ya samaki wa chumvi. Jikoni kulikuwa na pande zuri. Nimelifunga ndani ya soksi na kulizamisha.

Jumapili, 12 Oktoba
Kumbe pande lile lilikuwa la kumpokea mama mkwe. Kadidja aliuliza liko wapi, pua ikamjibu. Mama mkwe alikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, huku akiniangalia. Wateja hakuna, harufu inawarudisha mlangoni. Kikaratasi kimegeuka kijani cha kutisha, amonia tele. Nuru anasema hiyo ni dalili njema. Ni yeye peke yake anayefurahi.

Jumapili, 26 Oktoba
Amonia inashuka. Vijidudu vyangu vinakula! Nimekaa asubuhi nzima mbele ya maji yasiyo na kitu, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe nimejiona mtu anayejua kungoja. Mawe yameota ukungu wa kahawia. Nuru anasema niuache.

Jumatano, 29 Oktoba
Émile alikuja, eti kusalimia. Aliinama mbele ya kioo, kisha akawaita wapita njia. "Papa Feruzi, bon, hii iko bahari ao iko bwawa ya bata?" Wakacheka. Priscille alikuwa kati yao. Hakucheka. Aliniuliza taratibu kama gauni jeupe litaweza kusimama karibu na maji yale.

Nilifunga mlango. Nilitoa mawe yote nikayasugua kwa Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka yakawa meupe kama meno. Kikombe kimoja zaidi nikamimina ndani ya tangi, kwa usalama.

Alhamisi, 30 Oktoba
Maji yanang'aa. Nimepima, amonia hakuna kabisa! Kazi ya wiki sita, mimi nimeimaliza kwa tatu. Nuru ameshangaa. Ameuliza mara mbili kama niligusa mawe. Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa subira.

Jumatano, 5 Novemba
Shemeji Rashidi amefika kwa ndege kutoka kwa Nuru, Dar es Salaam, na mfuko wa maji kifuani. Samaki mdogo, rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe. Nimemwita Fiston, yaani mwanangu, kwa kuwa sisi hatukujaliwa mtoto. Kadidja alivuta kiti akakaa kumtazama. Majirani walijaa dirishani. Émile alikuwa katikati yao, akinyoosha shingo.

Ijumaa, 7 Novemba
Fiston anahema juu juu. Kikaratasi ni kijani kile kile. Nuru ameuliza tena kuhusu mawe. Nikaandika "sijagusa", nikafuta, nikaandika tena, nikatuma.

Jumamosi, 8 Novemba
Asubuhi nilimkuta Fiston amelala ubavu juu ya mawe meupe. Nililia. Saa nne gari la maharusi likasimama nje. Nikamfunga kwa uzi, nikamning'iniza katikati ya maji, nikawasha pampu ili atikisike. Priscille alitabasamu kwa picha mbili. Ya tatu, uzi ulijisokota na Fiston akageuka tumbo juu. Bibi harusi alilia mpaka wanja ukashuka kwenye gauni. Msafara mzima ukavuka barabara kwa Émile.

Jumatatu, 10 Novemba
Cherehani imeingia. Jana tulimzika Fiston nyuma ya jikoni, Kadidja alimvika kipande cha satini. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Amesema tangi libaki pembeni, atawekea vitenge vyake.

Nimetafuta sana kosa langu, na leo nimeliona. Kikombe kimoja cha Javel kilikuwa kidogo. Nimenunua chupa tatu, nimezificha nyuma ya cherehani.