Jino Langu na Dizeli Iliyokuwa Njiani

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimeachama mdomo.

Wiki nzima jino la nyuma, upande wa kushoto, limeninyima usingizi. Hapa Juba ninamjua daktari mmoja tu wa meno mwenye mashine ya kutibu mizizi, yuko kliniki moja Thongpiny. Shida ni kwamba kliniki hiyo ni mteja wetu. Mimi ndiye ninayepanga magari ya dizeli ofisini kwetu Buluk, na dizeli ya jenereta yao ilipaswa kufika juzi. Juzi nikaipeleka hotelini, kulikuwa na harusi. Jana daktari akapiga simu, nikampa jibu letu la siku zote: "Iko njiani, daktari." (Haikuwa njiani. Haikuwa popote.)

Hatukuwa tumeonana, tunajuana kwa simu tu. Kwa hiyo asubuhi nikajiandikisha kwa jina la ubatizo, Peter, badala ya Kioko wa dizeli. Nikapiga hesabu: mafuta yaliyobaki yatawafikisha jioni. Kwani jino moja linakula dizeli kiasi gani?

Nilidhani atang'oa niende zangu. Wapi! "Hatung'oi," Daktari Wairimu akasema. "Tunatoboa, tunatoa mshipa uliooza kwenye mizizi, tunasafisha, tunaziba. Usiogope, hutasikia kitu." Akanidunga sindano ya ganzi, nusu ya uso ikahama. Akanifunika mdomo kwa kipande cha mpira, jino peke yake likichungulia, akaanza kutoboa. Kweli, sikusikia kitu. Hata nikaanza kusinzia.

Mashine ikakohoa. Taa ikazimika. Kimrija cha kufyonza mate kikanyamaza, mate yakaanza safari ya shingoni.

"Poni, kuna nini?" daktari akamwuliza nesi.

"Jenereta, daktari. Mafuta mafi," akajibu kwa Kiarabu cha Juba. "Imekwisha kabisa."

"Yule Kioko!" akafoka. "Jana aliniapia gari liko njiani! Ngoja nimpigie, leo atanitambua."

Jamani, sikuwa nimezima simu! Ikaita mfukoni mwangu kwa ule mlio wa rumba niliouweka kwa kujidai. Daktari akakata, ikanyamaza. Akapiga tena, rumba ikaanza upya. Poni akaichomoa, akasoma kwenye kioo, polepole, kwa sauti: "Kliniki Usipokee."

Nikasema, "Aaa." Mpira haukuniruhusu neno lingine.

"Kumbe ni wewe," daktari akasema. "Peter." Akanirudishia simu. "Agiza dizeli. Jino liko wazi na ganzi haitangoja. Ikiisha kabla gari halijafika, shauri yako."

Nikampigia Okello, dereva wetu, aliyekuwa Bilpam na gari limejaa. "Ogeo! Heta iheli!" Ndivyo ilivyotoka.

"Nani wewe?" Okello akauliza, bila shaka amepokea bila kutazama jina. "Asubuhi hii umelewa namna hii? Mimi iko na kazi!" Akakata. (Dereva wangu mwenyewe!)

Poni akapiga, akaweka sauti ya nje. "Okello, huyu ni bosi yako. Jino yake iko wazi. Leta dizeli kliniki."

"Lakini bosi mwenyewe alisema twende hoteli kwanza," Okello akajibu. "Alisema hawa wa kliniki wamezoea kungoja."

Daktari Wairimu akakunja mikono, akanitazama. Nikatamani kiti kinimeze.

Gari lilichukua karibu saa nzima. Dakika za mwisho ganzi ilikuwa inaaga, na nilizisikia zote, moja moja, hadi kwenye sikio. Jenereta ilipoguruma nilikuwa na machozi, na sidanganyi, yalikuwa ya furaha. Nikadungwa tena, akasafisha, akaziba kwa muda. Kumbe kazi hii haiishi siku moja.

"Wiki ijayo urudi tumalizie," akaniambia mlangoni. "Uje na pipa. Pipa litangulie."

Kwa hiyo msicheke, jamani. Upande wangu wa kushoto ndio kwanza unaamka, na jino bado lina wiki nzima mikononi mwa mteja.