Boti Inayokunjwa ya Jirani Yangu

Kimulot,
Machi 1997

Kwa Mheshimiwa Chifu,

KUH: BOTI INAYOJENGWA KANDO YA MAJANI CHAI YANGU

Pokea salamu za heshima kutoka kwa raia wako anayehudhuria kila baraza, hata mvua ikinyesha. Natumaini ile homa imekuachia. Mimi ni mzima wa mwili ila nimekasirika, na ningependa serikali ikasirike pamoja nami.

Jirani yangu Alfayo Ogweno, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, anajenga boti. Sisi tuko mlimani, Chifu. Maji mengi tuliyo nayo ni mvua ya alasiri na josho la ng'ombe. Boti yenyewe ina miili mitatu: mmoja mkubwa katikati, na miwili myembamba ubavuni, iliyoshikwa kwa mikono ya mbao. Alfayo anasema ramani ameichora mwenyewe, na kwamba inamfaa mtu yeyote mwenye msumeno na uwanja wa nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfano mdogo wa boti hiyo ulijaribiwa ndani ya josho letu siku ya kuogesha ng'ombe. Sikatai, ulikimbia ajabu. Ng'ombe wangu wa mbele aliona kitu chenye matumbo matatu kikimjia, akageuka, na wote waliokuwa nyuma yake wakageuka pia. Kupe wa mtaa huu bado wanamshukuru Alfayo.

2. Tanga limeshonwa kwa magunia ya mbolea. Aliyelishona ni mke wangu Chepkirui, akisaidiwa na Jerusa, mke wa Alfayo, na walicheka mchana kutwa. Nilipouliza shati langu litatiwa vifungo lini, niliambiwa ningoje upepo.

3. Ramani imeandikwa kwa Kiswahili rahisi mno. Kata hapa. Paka gundi. Ngoja ikauke. Kunywa chai. Chepkirui aliisoma yote, kisha akaniuliza mbona mimi mwenye msumeno nimeshindwa kumaliza jiko lake tangu mwaka juzi. Ramani inayoeleweka na kila mtu ni hatari kwa amani ya boma.

4. Boti ni nyepesi kupita kiasi. Wanaume wanne tuliibeba hadi kwenye trela, mimi nikiwemo kwa ajili ya uchunguzi. Trela lenyewe ameliunda kwa ekseli ya pikapu kuukuu. Ile mikono hukunjwa, miili ya ubavuni ikajibana kwa ule mkubwa, na kitu kizima kikawa chembamba cha kupita barabarani. Alinionyesha kwa furaha ya mtoto. "Jirani, hii mtu mmoja anakunja tu, anafunga, anaenda. Hata ugali haijaiva." Nikamwuliza anaenda wapi. Akasema ziwani kwao, kuvua samaki, akistaafu. Lakini alikuwa akiangalia barabara.

5. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Haraka ya nini? Mzee anayestaafu anakimbizwa na nani? Wewe na mimi tunakumbuka mwaka wa tisini na mbili, ile wiki ya kuchomwa nyumba za watu wa ziwani, ambayo hatuitaji barazani. Jerusa na watoto walikaa jikoni kwetu. Alfayo alilala chini ya majani chai yangu, akingoja lori aliloahidiwa. Lori halikuja. Tangu hapo amekuwa mtu wa kuchora, na mwaka huu ni wa kura tena. Nimeingia ndani ya boti hiyo nikapima kwa macho: inatosha mke, watoto wote, godoro na sufuria. Hakuna mahali pa kuweka samaki, Chifu. Nilitoka humo nikiwa na uchungu sana.

6. Hii ni dharau kwangu. Shamba lake alilinunua kwa marehemu baba yangu. Watoto wetu walibatizwa siku moja. Ng'ombe wake akikata kamba huja kulala kwangu, na wangu kwake. Mtu wa namna hiyo anawezaje kujitengenezea kitu chenye magurudumu bila kuniuliza?

Kwa hiyo naiomba ofisi yako imwamuru abadilishe ramani mara moja. Boti iwe kubwa, nzito na ya polepole. Mikono isikunjike. Magurudumu yatolewe. Ikiwezekana ijengwe kwa mawe, iezekwe kwa bati, na iwe na dirisha linalotazama kwangu. Mawe nitatoa mimi, na mchanga nitausomba kwa trekta langu. Akikataa, mwite barazani umwambie mbele ya watu wote kwamba haendi popote. Mwambie kwa sauti, ili na wale wengine wasikie.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na yule askari wa kambi anayependa maziwa lala. Hapa wote wanakusalimu, hata Alfayo, ambaye hajui ninaandika nini.

Ni mimi raia wako mtiifu, mwenye kinyongo cha haki,
Hezekiah Kipngeno

N.B. Barua hii haina haraka, waweza kuijibu baada ya kura. Boti ikikunjwa bado ni pana kuliko njia ya shambani kwangu, na barabara kubwa, kama unavyokumbuka, ndiyo hufungwa kwa magogo kwanza. Jumamosi niling'oa mistari miwili ya majani chai, ile aliyoipanda baba, kutoka uani kwa Alfayo hadi kule chini kwenye njia ya mtoni. Trekta nalo nimelichomelea chuma cha kuvutia trela. Nilimwambia Alfayo ni cha kuvutia kuni, naye akanisaidia kukipima kwenye trela la boti yake. Kimeshika sawasawa.